Mchezo "wenye maadili" ni upi hasa?

Mchezo ukisifiwa kwamba unajenga maadili, sababu huwa zilezile: hauna damu, hauna matusi, na mwishoni mwema anashinda. Hayo yote ni hadithi na michoro. Tunu za mchezo zimo kwenye kanuni: kitendo gani kinaleta pointi, kipi kinakugharimu, na kipi hakiwezekani kabisa.

Elizabeth Magie alilielewa hilo mapema. The Landlord's Game, mchezo wa ubao aliopewa hataza yake Marekani mwaka 1904 na uliokuja kuzaa Monopoly, aliutungia kanuni za aina mbili. Kwa aina moja unashinda kwa kuwafilisi wenzako. Kwa nyingine, mmoja akipata ardhi, wote wananufaika. Ubao ni uleule, tabia za wachezaji ni mbali kabisa.

Hata sifa ya "ushirikiano" inahitaji kuchunguzwa. Katika Pandemic, uliotoka mwaka 2008, wachezaji hushinda pamoja au hushindwa pamoja wakipambana na magonjwa manne. Ni mchezo mzuri, ila una mwanya: ubao uko wazi kwa wote na mazungumzo hayana kikomo, hivyo mzoefu mmoja anaweza kupanga zamu ya kila mtu, wengine wakabaki kusogeza vipande. Huo ni utii. Hanabi, mchezo wa karata wa mwaka 2010, unauziba mwanya huo kwa kanuni. Karata zako unazishika zikiwaelekea wenzako, wewe huzioni. Kumdokeza mwenzako kuhusu karata zake kunatumia kijiwe kimoja, navyo ni vinane tu. Vikiisha, njia ya kawaida ya kukirudisha kimoja ni kutupa karata, ambayo pengine ilihitajika. Hapo usipomsikiliza mwenzako, mnashindwa wote.

Ukitaka kuukagua mchezo, sahau hadithi yake kwa muda. Andika vitendo vyote vinavyoleta pointi, kisha tazama kipi kinalipa zaidi kwa zamu moja. Mchezo wa kulinda msitu unaotoa pointi 1 kwa kupanda mti na 10 kwa kuuza mbao utazaa wakataji miti, hata hotuba zake ziwe tamu vipi.

Kanuni zinasukuma tu, hazimlazimishi mtu. Wapo wanaojiwekea masharti yao, kama kumaliza mchezo wa vita bila kuua. Kwa hiyo kabla ya kusema mchezo fulani una maadili au hauna, tuseme kwanza unamlipa mchezaji kwa kufanya nini.