Pengo la maudhui ni nini?

Pengo la maudhui ni swali ambalo watu wanalitafutia jibu mtandaoni, na kurasa zilizopo ama hazijaligusa ama zimeligusa juujuu. Wenye tovuti hulibaini kwa kusoma kazi za washindani wao. Hapo ndipo wengi hupotea njia: husoma ili wajue wenzao wameandika nini, kisha huandika hichohicho kwa maneno mengine. Kinachotafutwa katika usomaji huu ni kile ambacho wote wamekiruka.

Chukua biashara ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Moshi na Arusha zimejaa kampuni za utalii, na kampuni nyingi zina ukurasa wa kueleza njia za mlimani. Fungua kurasa kumi uzisome mfululizo. Utaambiwa kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Utaambiwa njia ni Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe na ile ya kuzunguka kaskazini. Kwamba Marangu ndiyo yenye vibanda vya kulala na kwingine ni mahema. Kwamba miezi mizuri ni Januari hadi Machi na Juni hadi Oktoba. Yote ni kweli. Ila ukimaliza ukurasa wa tatu, saba zilizobaki hazikuongezei kitu.

Sasa chukua sentensi moja inayojirudia kote: "Siku saba ni bora kuliko sita." Kwa nini? Nyingi hujibu kwamba mwili unapata muda wa kuzoea hewa nyepesi, basi. Ukimwuliza mwongozaji aliyezoea Machame atakufafanulia kwa vituo. Ratiba zote mbili hupita Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha hushuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Tofauti iko baada ya hapo. Anayekwenda siku sita hutembea kutoka Barranco hadi Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, kwa siku moja, anafika alasiri akiwa hoi, na usiku huohuo, kwenye saa sita, anaamshwa kwenda kileleni. Wa siku saba hulala Karanga katikati, na kesho yake hufika Barafu mapema, akala, akalala mchana. Kwa hiyo siku ile ya ziada inanunua zaidi mapumziko kabla ya usiku mgumu kuliko wote. Aya moja ya namna hiyo ina thamani kuliko maneno elfu mbili ya "mandhari ya kuvutia".

Kuhusu mshindani ni nani, usikosee. Mshindani wako wa biashara ni kampuni ya mtaa wa pili inayogombania mgeni yuleyule. Mshindani wako wa maudhui ni yeyote anayejibu swali lilelile: anaweza kuwa mpanda milima wa Ujerumani mwenye blogu yake, duka la mabegi la Marekani, au video ya kijana aliyepanda mwaka jana. Huyu hana hata gari moja la utalii, lakini ndiye aliyekaa mbele yako kwenye matokeo ya utafutaji. Msome yeye kwanza.

Zipo programu za kusaidia, kama Ahrefs na Semrush, zinazokuonyesha maneno ambayo tovuti ya mwenzako inapatikana nayo na yako haipatikani. Zina faida yake. Lakini kumbuka zinachokupa ni orodha ya mambo ambayo tayari mtu ameyaandika. Pengo lenyewe hasa, lile ambalo hakuna aliyeligusa, haziwezi kuliona. Hilo liko kwenye WhatsApp ya ofisi yako, kwenye maswali ambayo wateja huuliza baada ya kusoma tovuti zote hizo na bado hawajaelewa. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanalipwa kiasi gani kwa siku? Bahshishi inagawanywaje, na nani anaishika? Mzigo una kikomo? Kikomo kipo: mgumu habebi zaidi ya kilo 20 za mzigo wa safari, ukiacha vitu vyake mwenyewe, na mizigo hupimwa kwenye mizani getini. Piga picha ya mizani hiyo ikiwa kazini, eleza mgumu akizidisha inakuwaje, na tayari una ukurasa ambao yule mwenye blogu wa Ujerumani hawezi kuuandika akiwa kwake.

Pengo jingine liko wazi mno hata linashangaza: msomaji wa Kiswahili. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viingilio vya hifadhi kwa shilingi, kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni wa nje. Hata hivyo sehemu kubwa ya kurasa za kampuni za hapahapa zimeandikwa kwa Kiingereza, bei kwa dola, kana kwamba hakuna mwalimu wa Dodoma au kikundi cha vijana wa Mwanza kinachotaka kupanda mlima wao.

Google nayo inasemaje? Mwaka 2011 ilileta badiliko lililoitwa Panda, lililoshusha tovuti zilizokuwa zikifyatua makala hafifu kwa wingi. Wauzaji wa mtandaoni wakahamia mbinu iliyosambazwa na Brian Dean, mwanzilishi wa tovuti ya Backlinko, ya kutafuta makala inayofanya vizuri, kuandika iliyo bora zaidi, kisha kuwaomba wenye tovuti nyingine waweke kiungo cha kwenda kwenye makala hiyo. Mbinu yenyewe haina ubaya, ila wengi waliielewa kuwa "ndefu zaidi". Mwenzako ana vidokezo 15, wewe unaweka 25, wa tatu anaweka 40. Miongozo ya Google inamtaka mwandishi ajiulize kama ukurasa wake una taarifa au uchambuzi wa asili, na kama unaongeza thamani kubwa ukilinganishwa na kurasa nyingine kwenye matokeo. Inasema pia waziwazi kwamba haina idadi ya maneno inayoipendelea. Desemba 2022 iliongeza uzoefu kwenye vigezo vya wakaguzi wake wa ubora: je, aliyeandika amelifanya jambo lenyewe? Google inamiliki pia hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya njia ya kukadiria ukurasa unampa nini kipya mtu ambaye tayari amesoma kurasa nyingine za mada hiyo. Kuwa na hataza si ushahidi kwamba inatumika, kwa hiyo usimwamini anayekuuzia huduma kwa jina lake.

Kwenye kunakili, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ya Tanzania inalinda namna mtu alivyoandika. Ukweli wenyewe hauna mwenyewe; urefu wa mlima ni wa wote. Lakini kuchukua aya za mtu na kubadilisha neno hapa na pale bado ni kuchukua, na picha zilizopigwa na wengine nazo zina mwenyewe.

Ukishasoma kurasa zako kumi, andika pembeni mambo matatu kwa kila moja: imejibu nini vizuri, imedai nini bila kueleza, na imenyamazia nini. Safu ya pili na ya tatu ndiyo kazi yako. Ile ya kwanza ipitie kwa aya moja fupi, kwa sababu msomaji anaihitaji ila hakuja kwako kwa ajili yake.

Si kila pengo ni lako, hata hivyo. Utagundua kwamba maelezo ya dawa za ugonjwa wa mwinuko yamepwaya kwenye tovuti nyingi za kampuni, na utashawishika kuandika vipimo vya vidonge. Kampuni ya utalii haina daktari wa kuandika hayo. Eleza dalili ambazo waongozaji wako wanaziangalia njiani na ni wakati gani wanamteremsha mgeni. Vidonge mwachie daktari wake.