Jina "ushauri nasaha" ndilo lililotuponza

Ushauri nasaha: ushauri mara mbili. Mtu akilisikia jina hilo anakuja tayari kuusiwa kama bwana harusi mbele ya wazee, na asipousiwa anauliza amelipia nini. "Daktari, wewe niambie tu nifanye nini." Nimechoka kulijibu hili mlangoni, basi nalijibu hapa.

Ya haraka kwanza. Daktari wa magonjwa ya akili alisomea udaktari na anaandika dawa. Mwanasaikolojia wa tiba, kama mimi, ana shahada ya saikolojia, kisha uzamili wenye mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi, na haandiki dawa, hata Panadol. Kenya tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu 2014. Muulize anayekuhudumia leseni yake, si matusi.

Sasa hizo nasaha. Mama, shemeji na pasta wameshakwambia usifikirie sana. Zingetosha, usingekuja. Kazi yangu ni kutafuta kinacholifanya tatizo lisiishe, nacho mara nyingi sicho kilicholianzisha.

Chukua hofu ya ghafla ndani ya matatu. Moyo mbio, kifua kimebana, vidole ganzi, una hakika unakufa. Daktari ameupima moyo, hauna kitu (kama hujapimwa, anzia huko). Tangu siku hiyo unakaa karibu na mlango, umeshika chupa ya maji, na ikianza tu unashuka Roysambu, kabla hujafika mjini. Kila mara unapona, na akili inapiga hesabu mbovu: nimeponeshwa na mlango na maji. Haipati nafasi ya kuona kwamba hofu ile hupanda, kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka yenyewe. Ndiyo maana ile nasaha ya huruma, "ukihisi hivyo shuka unywe maji," inalilisha tatizo. Hata kupumua polepole, kunakosifiwa sana mitandaoni, kunaweza kugeuka chupa nyingine ya maji.

Tunafanya kinyume. Unaandika unachotabiri: "nitazimia." Unapumua harakaharaka kwa makusudi dakika moja mpaka kizunguzungu kije, kisha hufanyi lolote, unangoja. Unaandika kilichotokea. (Mjamzito, mwenye pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo hafanyi hili kabla daktari hajaruhusu.) Halafu matatu: vituo viwili bila chupa, kisha kiti cha nyuma dirishani, kisha Githurai mpaka mjini saa ya foleni. Kinachoharibu mambo ni kuruka ngazi, ukashuka hofu ikiwa kileleni. Hapo umefanya mazoezi ya kukimbia. Zamani tulisisitiza ungoje mpaka hofu ipungue. Siku hizi wengi wetu tunajali zaidi kama utabiri wako umeshindwa, hata ukishuka kwenye kituo ulichopanga bado unatetemeka.

Kikao ni dakika 50 kwa wiki, na kwa hofu hii vikao hufika 12 hivi. Kazi kubwa iko kwenye zile siku 6 usizoniona.

Mashaka ninayo. Fomu ya PHQ-9, ya kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni), ina maswali 9, alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 nachimba zaidi, na swali la 9, la kuwaza kufa au kujidhuru, nalitazama kwanza hata jumla ikiwa 4. Lakini mtu anasema "nafikiria sana", na fomu haina kisanduku cha neno hilo. Ni huzuni? Wasiwasi? Kodi ya nyumba? Wala siwezi kuapa kinachoponya ni mazoezi yenyewe au kule kujua kuna mtu atakayelisoma daftari lako Jumanne.

Na ndiyo, kuna siku natoa amri. Ukiniambia unataka kujiua, hatuondoki kabla hatujapanga nani ataiondoa sumu nyumbani, na nani atalala nawe usiku huo.

Wengine wote, mje na majina ya dawa mnazotumia, saa mnazolala, na kiti mlichokuwa mmekalia hofu ilipowashika mara ya mwisho.