Sangara mkubwa ni mama: kuvua kwa ndoano Rubondo

Kila nikirudi Mwanza kutoka Rubondo, swali la mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, ni lile lile: "Mmepata wa kilo ngapi?" Nikijibu kwamba tulimpima tukamwachia, wananitazama kama mtu aliyemwaga hela ziwani. Siwalaumu. Bondo la sangara mkubwa, yaani kifuko chake cha hewa cha ndani, peke yake ni pesa nyingi. Ila mimi kazi yangu ni samaki, na huyu nina sababu ya kumtetea.

Rubondo iko kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977. Siku hizi safari ni nyepesi: unavuka Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025, unashika njia ya Geita hadi Nkome, halafu unapanda boti. Maji yanayokizunguka kisiwa nayo ni hifadhi. Nyavu na makokoro hayaingii. Mgeni huvua kwa ndoano tu, tena kwa kibali. Ndiyo maana sangara wa kutisha, ambao kwingine wamekuwa adimu, huko bado wapo. Samaki huyu anaweza kufika mita 2 na kilo 200.

Kumpata kunataka kulijua ziwa. Sangara hastahimili maji yenye hewa kidogo. Wakati wa joto na mvua maji hujipanga matabaka, ya chini yakaishiwa oksijeni, naye husogea juu na kando. Upepo wa kusi wa Juni na Julai huyakoroga tena, akatawanyika. Msimu wowote, mimi huanzia kwenye ncha za kisiwa ambako miamba inateremka ghafla, kwa sababu furu, samaki wadogo anaowala, hujificha katikati ya mawe, na alipo furu sangara hayuko mbali. Boti inakwenda taratibu, chambo bandia chenye umbo la samaki kinafuata nyuma.

Akikamata, mshipi unakwenda mbio, kisha ghafla anaibuka, kinywa wazi, anatikisa kichwa kuitema ndoano. Hapo mshipi usilegee hata kidogo. Na kipande cha mwisho karibu na ndoano kiwe kinene: meno yake ni madogo kama msasa, lakini kingo za mfuniko wa matamvua hukata kama wembe.

Julai iliyopita mgeni wangu alileta mmoja ubavuni mwa boti. Sentimita 132. Jicho lilikuwa linang'aa rangi ya dhahabu, tumbo limejaa. Nilijua ni jike kabla sijamgusa, maana sangara wa ukubwa huo karibu wote ni majike, na mmoja hubeba mamilioni ya mayai. Kanuni ya kuvua wa kati ya sentimita 50 na 85, ambayo nchi za ziwa zilikubaliana, ilitokana na hilo hilo: mtoto akue, mzazi abaki.

Kumwachia nako kuna ufundi wake, na hapa ndipo wengi wanamuua samaki huku wakidhani wamemwokoa. Akivutwa haraka kutoka kilindini, bondo huvimba kwa hewa hadi tumbo la chakula likatokea mdomoni. Huyo hata ukimrudisha ataelea tu. Kwa hiyo sivui maji marefu. Simning'inizi kwa taya pia, kwani uzito wake mwenyewe unaweza kumvunja. Picha tunapiga akiwa majini, mikono imeloa, mmoja chini ya tumbo. Kumpima natumia utepe, si mizani.

Yule jike nilimshika karibu na mkia, kichwa kikitazama wimbi ili maji yapite kwenye matamvua. Ilichukua muda, mgeni akaanza kuuliza kama amekufa. Kisha nikahisi mkia unakaza kiganjani, akanipiga maji usoni na kuzama.