Pesa za umma kwa vyama vya Kenya: yasemwayo na yaliyo kwenye sheria

"Serikali huvipa vyama inavyovipenda." Hapana. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011, ilivyorekebishwa 2022, imeweka hesabu. Katika kila shilingi 100 za Hazina ya Vyama vya Kisiasa, 70 hugawanywa kwa uwiano wa kura, 15 kwa idadi ya waliochaguliwa kutoka makundi maalumu kama wanawake, vijana na walemavu, 10 kwa idadi ya wote waliochaguliwa, na 5 huendesha hazina yenyewe.

"Kura zinazohesabiwa ni za urais." Hujumlishwa za nyadhifa zote. Mpiga kura hutumbukiza karatasi sita, na hata ile ya udiwani ina pesa ndani yake. Chama kisicho na mgombea urais kikisimamisha madiwani wengi bado huvuna.

"Chama kikishasajiliwa, mgao ni haki yake." Si hivyo, kuna sharti la jinsia: maofisa wa chama wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Wakiwa tisa, wanaume sita ni sawa. Akiongezwa wa saba mahali pa mwanamke, chama kimejifungia mlango. Orodha ihesabiwe upya kila ofisa anapobadilishwa.

"Mgombea huru naye ana fungu lake." Hana hata senti. Kifungu cha 85 cha Katiba humruhusu kuwania iwapo hajawa mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na anaungwa mkono na wapiga kura 1,000 kwa ubunge, 2,000 kwa useneta, 500 kwa udiwani. Akishinda hulipwa mshahara kama wenzake, ila kura zake hazimletei mgao. Kwetu hili ni pengo linaloumiza, hasa kwa mwanamke au kijana aliyedhulumiwa kwenye mchujo wa chama akaamua kusimama peke yake.

"Pesa zikifika, chama huamua chenyewe." Chama kikipata milioni 10, zisizopungua milioni 3 ziende kukuza uwakilishi wa wanawake, vijana, walemavu na jamii ndogo, gharama za ofisi zisizidi milioni 3. Kuanzisha biashara ni marufuku. Marufuku pia kumlipa posho mwanachama au mfuasi asiye mwajiriwa wa chama, kwa hiyo vocha ya "asante ya wajumbe" haina pa kujificha: hesabu za chama hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Serikali.

"Mgao usipotosha, wafadhili wa nje watajazia." Asiye raia haruhusiwi kuchangia chama.