Asilimia Moja Isiyo ya Dozi

Nimeletewa tena ripoti ya dozi ya mionzi, iliyokadiriwa kwa kompyuta, ya wasafishaji wa mabomba ya mafuta, na kwa mara nyingine imeandikwa kwa fahari: "kosa la makadirio ni chini ya asilimia 1." Si kweli. Asilimia hiyo inahusu tu idadi ya fotoni, yaani chembe za mionzi ya gama, ambazo programu imezirusha kwa kubahatisha. Zirushe mara 4 ya hizo, itapungua nusu. Hata aliyekosea unene wa ukoko wenye mionzi ulioganda ndani ya bomba ataipata, maana programu haijui kwamba amekosea!

Fizikia yenyewe haina ugomvi. Radiamu-226 na 228 hupanda na maji ya kisimani, hugandia ndani ya bomba pamoja na bariamu salfeti, na programu kama MCNP au Geant4 hufuatilia gama kupita chuma hadi mwilini. Hapo naiamini kompyuta.

Kinachonikera ni tunachoilisha. Ukoko huchorwa kama pete safi, unene uleule bomba zima, wakati bomba halisi limejaa hapa na tupu pale. Sampuli moja ya maabara hugeuzwa wastani wa kila kitu. Msongamano nao huandikwa gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo, kama bariti (madini ya bariamu salfeti) imara isiyo na vitundu. Uzito ukizidi, radiamu huzidi, na papo hapo gama nyingi zaidi humezwa na ukoko wenyewe. Jibu linasogea, lakini ile asilimia 1 haitikisiki. Saa za kazi ndizo mbaya kuliko zote: ukiandika 2,000 kwa mwaka kwa mtu anayekaa karibu na mabomba saa 400, umeizidisha dozi yake ya nje mara 5.

Na vumbi je? Gama ya risasi-210, metali yenye mionzi inayozaliwa na radiamu-226, ina nishati ndogo, keV 46.5 tu, haivuki ukuta wa chuma, kwa hiyo mita iliyo nje ya bomba hunyamaza. Fundi akikwangua ukoko mkavu, risasi hiyo na poloniamu-210 humwingia mapafuni. Vumbi linalopanda hewani ni kiasi gani? Tunachagua namba. Mimi pia huchagua, na ndiyo namba ninayoishuku kuliko zote katika modeli.

Basi nipeni dozi ya chini hadi ya juu, si namba moja: ukoko mwembamba na mnene, saa chache na nyingi, kukwangua kukavu na kwa maji. Dozi hiyo ikivuka milisiveti 1 (kizio cha dozi ya mionzi) kwa mwaka, acheni kurusha fotoni; wavisheni watu dozimita, mfunge na pampu za kukusanya vumbi.