Kujitoa mhanga: maana yake katika siasa

Ukitaja kafara barazani, Unguja au Pemba, mtu anawaza mbuzi au jogoo. Kafara hutolewa, wala mbuzi haulizwi. Mhanga nao ni sadaka ya namna hiyo, lakini tukisema "kujitoa mhanga" kuna silabi moja, *ji*, inayogeuza mambo: mtoaji ndiye huyo huyo anayetolewa. (Yupo mhanga mwingine, mnyama wa usiku anayefukua mchwa. Huyo hatumo naye.)

Neno lenyewe siku hizi limevurugika. Kwenye habari, wahanga ni watu waliokumbwa na mafuriko, na "kujitoa mhanga" ni kujilipua katikati ya watu. Anayejilipua sokoni anawatoa wenziwe bila ridhaa yao, kwa hiyo mimi naona jina hilo hakulistahili. Katika siasa, maana ninayoikusudia ni mtu kuutia mwili wake mwenyewe katika dhara ili mwenye mamlaka aone haya, au watu wanaomzunguka waamke. Madhara yanaishia kwake.

Jambo hili kwetu lina ndugu yake mdogo: kususa. Mtoto aliyeonewa anaisukuma sahani, na nyumba nzima inakosa raha. Siasa za Zanzibar zimesusa sana. Baada ya uchaguzi wa 1995 CUF, chama cha upinzani, ilisusia Baraza la Wawakilishi, na tarehe 20 Machi 2016 ikasusia uchaguzi wa marudio. Pemba watu walifika kususiana hata maziko. Lakini wazee walishatutahadharisha: ukisusa, wenzio wala. Kususa kunamuuma yule tu anayejali kwamba hujala.

Mgomo wa kula gerezani ni kususa kulikofikishwa mwisho wake. Bobby Sands, mfungwa wa Ireland ya Kaskazini katika gereza la Maze, alikataa chakula mwaka 1981 akidai yeye na wenzake wasihesabiwe kuwa wahalifu wa kawaida. Akiwa katika mgomo huo alichaguliwa kuwa mbunge. Alifariki tarehe 5 Mei, siku ya 66, na wafungwa wengine tisa wakafa baada yake. Waziri mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher, hakulegea. Gandhi, kiongozi wa India, alifunga kula mjini Calcutta mwezi Septemba 1947, Wahindu na Waislamu wakiuana mitaani, na kwa siku chache tu fujo zikatulia. Tofauti ni nani aliyekuwa akimtazama mfungaji. Waliokuwa wakipigana Calcutta walimpenda Gandhi, hawakutaka afe mikononi mwao. Serikali ya London haikuwa na mapenzi na Sands.

Sura nzito zaidi ni ya kujichoma moto. Mtawa wa Kibudha Thich Quang Duc alifanya hivyo Saigon, Vietnam, mwezi Juni 1963, kupinga Wabudha kukandamizwa. Mohamed Bouazizi, mchuuzi wa matunda na mboga wa Sidi Bouzid, Tunisia, alijiwasha tarehe 17 Desemba 2010 baada ya kunyang'anywa bidhaa zake. Alifariki tarehe 4 Januari, na siku kumi baadaye Rais Ben Ali alikimbia nchi. Hapo baraza za kwetu hugawanyika, kwa sababu Sura ya An-Nisaa inasema wazi "wala msijiue". Wengi humhurumia Bouazizi na kuilaani dhuluma iliyomfikisha pale, lakini kumwita shahidi hawathubutu.

Hapa kwetu neno hili hubandikwa pasipo pake. Mwaka 1951, katika Vita vya Ng'ombe, wakulima wa Kiembesamaki na jirani zao waliokataa ng'ombe wao kuchanjwa walikamatwa, wenzao wakaenda kuwatoa, na polisi wakapiga risasi. Tarehe 27 Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi Pemba na Unguja, zaidi ya watu 30 wakafa, na wengine wengi wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Katika kumbukumbu huwa nasikia kwamba hao "walijitoa mhanga". Anayesema hivyo anawaenzi, najua. Lakini walitoka nyumbani kudai haki, wakitaraji kurudi kula chakula cha mchana. Ukisema "waliuawa", msikilizaji atauliza na nani. Ukisema "walijitoa", ile *ji* imeshamjibu, na aliyefyatua risasi hamo tena katika sentensi.