Kidonda Kilichofunga Bado Hakijapona: Dhana Potofu Kuhusu Siku za Baada ya Upasuaji wa Plastiki

Jina lenyewe limewapotosha wengi. Wapo wanaoamini kwamba upasuaji wa plastiki ni kuingiziwa plastiki mwilini, ilhali jina hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kufinyanga, kama mfinyanzi anavyoupa udongo umbo. Kazi zake ni nyingi: kuunganisha mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa, kupandikiza ngozi mahali palipoungua, kujenga upya titi lililoondolewa kwa sababu ya saratani, na pia kurekebisha pua au tumbo kwa ajili ya urembo. Hapo ndipo inapozuka dhana kwamba aliyefanyiwa upasuaji wa urembo hakufanyiwa upasuaji wa kweli, na kwa hiyo anaweza kurejea shughuli zake baada ya siku mbili tatu. Mwili haujui sababu iliyomlaza mtu kwenye meza ya upasuaji. Unachokutana nacho ni ngozi, mafuta na mishipa ya damu iliyokatwa, nao huvitengeneza kwa mwendo wake uleule.

Dhana ninayoiona kuwa na madhara makubwa zaidi ni ile inayosema kwamba kidonda kikifunga kimepona. Ngozi ya juu huungana mapema, mara nyingi ndani ya siku chache, na mgonjwa akitazama kwenye kioo huona mstari mwembamba uliotulia. Chini ya mstari huo kazi ndiyo kwanza imeanza. Baada ya wiki 3 hivi, sehemu iliyoshonwa huwa haijafikia hata theluthi ya uimara wa ngozi isiyokatwa. Uimara huo huongezeka polepole kwa miezi kadhaa, na hata mwishoni huishia kwenye asilimia 80 hivi ya ule wa awali. Ndiyo maana daktari humkataza mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo, yaani kuondolewa ngozi iliyolegea, kubeba ndoo ya maji au kumnyanyua mtoto kwa wiki kadhaa, hata kama hasikii maumivu yoyote. Kutokuwa na maumivu si kipimo cha kupona, hasa kwa anayetumia dawa za kuyatuliza, au ambaye neva zake ndogo zimekatwa na ngozi yake ikabaki na ganzi. Kwa sababu ya ganzi hiyo hiyo, kukanda sehemu iliyopasuliwa kwa maji ya moto au kuweka barafu moja kwa moja juu yake kunaweza kuiunguza ngozi bila mwenyewe kuhisi.

Wengine, kwa kuogopa kuharibu mshono, huenda upande wa pili kabisa: hulala kitandani siku nzima na kuhudumiwa kila kitu, huku ndugu wakiamini wanamsaidia. Mtu asipotembea, damu katika mishipa ya miguu huenda taratibu na inaweza kuganda, kisha bonge hilo likasafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Hatari huongezeka upasuaji unapochukua muda mrefu au kazi kadhaa zinapofanywa kwa pamoja, na upasuaji wa kukaza tumbo unajulikana kuwa miongoni mwa zinazohitaji tahadhari kubwa zaidi. Kwa kawaida mgonjwa huhimizwa kuinuka na kutembea hatua chache siku ileile au kesho yake, akiwa ameshikiliwa, na kurudia mara kwa mara. Hatari hii haiishii siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Huendelea kwa wiki kadhaa, na kwa sababu hiyo safari ndefu ya ndege au ya basi isipangwe bila kumuuliza daktari. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla kifua kikichoma, ni dharura ya saa ileile.

Inasemwa pia kwamba kidonda kiachwe wazi kipigwe na hewa kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa kuwachunguza nguruwe, kwamba majeraha yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi mpya haraka kuliko yaliyoachwa yakauke na kufanya gaga. Bandeji basi ibaki kwa muda uliopangwa, na mikono ioshwe kila inapoguswa.

Sigara sitaizungumzia kwa upole. Nikotini huibana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyoinuliwa au kupandikizwa huishi kwa mishipa hiyo hiyo; ikikosa damu, hugeuka nyeusi na kufa. Madaktari wengi hutaka mgonjwa aache angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada ya upasuaji, na sigara za kielektroniki zenye nikotini hazina nafuu katika hili. Vilevile si kweli kwamba dawa za asili haziwezi kudhuru kwa kuwa zimetoka kwenye mimea: vidonge vya kitunguu saumu, kwa mfano, vinaweza kuongeza kutokwa na damu kama ifanyavyo aspirini.

Kuhusu matokeo, wiki mbili hazitoshi kumhukumu daktari. Uvimbe wa pua unaweza kuchukua mwaka mzima kwisha, na kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mmoja au zaidi.

Lipo jambo moja ambalo maelezo mengi hulipita juu juu. Wagonjwa huambiwa watazame wekundu kama dalili ya maambukizi, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Mwenye ngozi nyeusi apapase: joto linaloongezeka, ngozi inayokuwa ngumu, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, harufu mbaya au homa. Upande mmoja ukivimba ghafla na kukaza, hasa ndani ya saa 24 za kwanza, huenda damu inavujia ndani. Na kovu likianza kuwasha na kutambaa nje ya mpaka wa mshono, hiyo ni keloidi, ambayo huwapata zaidi wenye ngozi nyeusi. Tiba yake huwa rahisi zaidi ikianza mapema, kwa hiyo ambaye yeye au ndugu yake aliwahi kuwa nayo amwambie daktari kabla hajapasuliwa.